Naomba ushauri: harusi ni Septemba, na data za tasnifu bado ziko shuleni

Binti wa Kihesa (mwanzilishi wa uzi)

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za jioni.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika elimu, hapa Iringa mjini. Nimechumbiwa, mahari ilipokelewa nyumbani Tukuyu mwezi Machi, na wazee wa pande zote mbili walikubaliana kwamba ndoa ifungwe Jumamosi ya mwisho ya Septemba jijini Mbeya, ambako familia ya mchumba wangu inaishi. Kuhusu tarehe sikuulizwa sana, wala sikulalamika, kwa sababu wakati ule Septemba niliiona iko mbali.

Kilichoniharibia hesabu ni pendekezo langu la utafiti, ambalo nilitegemea lipitishwe Februari lakini limepitishwa wiki mbili zilizopita, mwezi huu wa Mei. Utafiti unahusu namna walimu wa kidato cha pili wanavyofundisha ufahamu, na shule nilizoziteua ziko wilayani Rungwe. Shule zinafungwa mwanzoni mwa Juni na kufunguliwa Julai. Ikifika Septemba walimu hao watakuwa wamezama katika kuwaandaa wanafunzi kwa upimaji wa kitaifa, na sidhani kama kuna mkuu wa shule atakayependa mgeni aketi nyuma ya darasa na daftari lake. Nimebakiwa na Julai na Agosti. Miezi hiyohiyo ndiyo ambayo kamati imepanga vikao vya kila Jumapili, mafundisho ya ndoa kanisani, kicheni pati, na maandalizi ya sendi-ofu nyumbani Tukuyu, ambayo nayo ina kamati yake.

Hali yangu ya sasa ni hii. Nimo katika makundi mawili ya WhatsApp yenye watu wanaopita mia moja. Wiki iliyopita, nikiwa maktaba, nilipigiwa simu mara tatu kuulizwa kama sare ya kina mama iwe zambarau au kijani cha jani la mgomba. Nina wasimamizi watatu, mmoja wa tasnifu na wawili wa ndoa, na wote watatu hupenda kuniona Jumamosi. Mchumba wangu ni mtu mwema, ila kila nikimweleza hunijibu kwamba nivumilie kwa kuwa ni miezi michache tu.

Je, niombe harusi isogezwe, niahirishe masomo kwa muhula mmoja, au kuna njia nyingine ambayo siioni? Naomba msiniambie tu nijipangie ratiba. Ratiba ninayo, imebandikwa ukutani juu ya kitanda, na haijafuatwa hata siku moja.

Mama Kikao

Marahaba, binti yangu. Nimekaa katika kamati nyingi za harusi hapa Mbeya, kama mjumbe, kama mweka hazina na mara mbili kama mwenyekiti, kwa hiyo nitakueleza jambo ambalo pengine wazee hawakulifafanua walipotaja Septemba.

Tarehe hiyo haikuokotwa. Huku kwetu mchango unafuata shamba. Mpunga wa Kyela na Mbarali ukishavunwa, mahindi yakishakauka na kuuzwa, viazi vikishapakiwa magunia kwenda Dar es Salaam, ndipo mtu aliyeahidi laki moja anaweza kuitoa bila kununa. Ukisogeza hadi Januari utawakuta watu hao wanalipa ada na kununua mbolea. Ukisogeza zaidi utaingia Kwaresima, ambapo makanisa mengi hayafungishi ndoa, na baada ya hapo ni mvua za Aprili, na wewe mtu wa Tukuyu huhitaji kusimuliwa mvua. Kwa hiyo ukiiondoa Septemba, si kwamba unasogeza mwezi mmoja; unaisogeza kwa mwaka mzima, na ahadi zilizokwisha kuandikwa zitakuwa zimepoa.

Kwa hiyo tarehe iache ilipo. Wewe mwenyewe ndiye unayepaswa kutoka katikati. Bibi harusi hana kazi ndani ya kamati, na anayempigia simu kumuuliza rangi ya sare hakufundwa kazi ya kamati. Yapo machache ambayo hakuna mtu awezaye kukufanyia: kupima gauni, mafundisho ya ndoa, kuandika majina ya wageni wako, na kufika ofisini kwa mchungaji kuweka sahihi pale inapohitajika. Mengine yote, kuanzia ukumbi na mapambo hadi chakula, muziki na usafiri wa wageni, mpe mtu mmoja ayasemee kwa niaba yako. Awe shangazi au dada yako mkubwa, asiwe rafiki wa chuoni, kwa sababu rafiki hatasikilizwa mbele ya wakwe.

Na usiende kulisema hili wewe mwenyewe kwa mwenyekiti. Utaonekana umeanza kiburi kabla hujaolewa. Mwambie baba yako mdogo au mshenga alipeleke, na mwenyekiti atangaze kikaoni kwamba kuanzia leo bibi harusi hapigiwi simu, mwenye swali amwone shangazi. Likisemwa kikaoni limekuwa azimio, na azimio halina mtu wa kulaumiwa.

Mtafiti wa Uyole

Dada, nakubaliana na Mama Kikao, nami niongeze upande wa utafiti, kwa kuwa niko mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu na nimekwisha kuyapita hayo.

Umeandika kana kwamba Juni haina matumizi kwa sababu shule zimefungwa. Juni ndiyo mwezi wako wa karatasi. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ofisi yake inakuandikia barua ya wilaya na halmashauri, halmashauri inakupeleka kwa ofisa elimu wa sekondari, naye ndiye anayewaandikia wakuu wa shule. Mlolongo huo unaweza kuisha kwa siku mbili ukimkuta kila mtu mezani kwake, au kwa wiki tatu ukiambiwa mhusika yuko safarini. Wengi huanza kuuhangaikia siku shule zinapofunguliwa, kisha wanalia kwamba Julai imekwisha. Wewe uanze kesho. Madodoso na mwongozo wa mahojiano uvijaribu Iringa hukohuko kwa walimu wawili watatu unaowafahamu, ili ukifika Rungwe usigundue mbele ya mwalimu kwamba swali la tano halieleweki.

La pili nalisema kwa uchungu wa mtu aliyeumia. Usikae nyumbani wakati wa kukusanya data. Najua Tukuyu ni kwenu, chakula kipo na kitanda kipo. Mimi nilikaa kwa shangazi yangu mwaka ambao kaka alikuwa anaoa, nikadhani nimeokoa kodi. Kumbe nilikuwa kijana pekee mwenye leseni ya udereva katika ukoo. Nilibeba viti, nikabeba masufuria, nikapeleka kadi hadi Busokelo, na mahojiano kumi na tisa niliyoyarekodi yalikaa ndani ya simu bila kusikilizwa mpaka Novemba, wakati ambapo nilikuwa nimesahau hata sura za niliowahoji. Panga chumba kimoja karibu na shule zako, ulipe miezi miwili, na mahojiano ya mchana uyaandike usiku uleule. Nyumbani nenda Jumapili, baada ya ibada, na uondoke kabla ya giza.

Jambo moja hukulitaja: je, msimamizi wako wa tasnifu anajua kwamba unaolewa?

Kalamu Nyekundu

Mimi nitakuwa mchoyo wa maneno. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mtoe taarifa ya kusudio la kuoana angalau siku 21 kabla, na inatambua ndoa ya kiserikali sawasawa na ya kidini na ya kimila. Nendeni kwa Mkuu wa Wilaya mfunge ndoa Agosti, Jumatatu yake urudi darasani. Sherehe mtafanya siku mkiwa na fedha zenu wenyewe. Sioni kwa nini msomi wa uzamili ateseke kwa ajili ya ndafu.

Mama Kikao

Mwanangu Kalamu, ndoa ya bomani ni halali na wapo walioishi nayo vizuri hadi uzeeni. Ila umesahau kitu kimoja. Wazazi wa binti huyu wamechangia harusi za watu kwa miaka mingi, na madaftari ya michango hiyo wanayo kabatini. Mchango huku kwetu ni deni linalozunguka. Leo nakutolea, kesho mwanao akioa unanirudishia. Wakikosa sherehe hawapotezi ndafu tu, wanapoteza nafasi ya kurudishiwa walichokitoa tangu binti huyu akiwa shule ya msingi. Hilo lipimwe kabla ya kuwaambia watu waende bomani.

Kalamu Nyekundu

Sikulifikiria hivyo. Hata hivyo bado naamini deni la wazazi halipaswi kulipwa kwa muhula wa mtoto. Tukubaliane kutokukubaliana, mama.

Mzee wa Mafinga

Nimesoma maoni yote, nami naona mtu mmoja amesamehewa mapema mno. Huyo bwana harusi anafanya nini? Yeye anaishi Mbeya, vikao vinafanyika Mbeya, kamati ni ya upande wake. Neno "vumilia" ni zuri linaposemwa na mtu ambaye naye amebeba kitu. Mke wangu alikuwa anasomea ualimu tulipooana, na ofa niliyompa ilikuwa kwamba asihudhurie kikao hata kimoja, nami nimletee kila Jumatatu mambo yasiyozidi mawili ya kuamua. Akishaamua, mimi ndiye niliyekuwa nagombana na ndugu zangu. Mwambie kijana ajaribu hivyo. Akishindwa kukukinga dhidi ya dada zake sasa hivi, itakuwa vigumu zaidi mkiwa na watoto.

Binti wa Kihesa

Asanteni sana. Nimesoma kila neno, mengine mara mbili.

Kwa swali la Mtafiti wa Uyole: hapana, msimamizi wangu hajui. Niliogopa kwamba ataniona si mtu makini, kwa kuwa mwaka jana nilimsikia akimsema mwanafunzi mwingine aliyejifungua katikati ya masomo. Je, kuna haja kweli ya kumwambia?

Mtafiti wa Uyole

Ipo, tena kabla ya Juni kwisha. Mwandikie barua pepe fupi yenye tarehe. Usimwombe huruma. Mweleze kwamba kuanzia katikati ya Septemba hadi wiki ya pili ya Oktoba hutapatikana, kwamba utamkabidhi rasimu ya sura ya nne mwishoni mwa Novemba, na kwamba unaomba maoni yake kuhusu sura tatu za mwanzo kabla hujaenda uwandani. Asipojua, atakuita Iringa siku ya sendi-ofu yako, nawe utaanza kudanganya kwamba unaumwa. Msimamizi anayepewa tarehe mapema huwa mpole kuliko anayeshangazwa. Asipokuwa mpole, bado utakuwa na barua inayoonyesha kwamba ulimjulisha.

Kuhusu kuahirisha muhula, iache iwe njia ya mwisho kabisa. Uliza kwanza gharama zake, kwa maana vyuo vingine hutoza ada ya kuendelea, na walimu uliopanga kuwahoji wanaweza kuhamishwa.

Binti wa Kihesa

Wakubwa zangu, nimeona ni vyema nirudi kuwapa mrejesho, kwa kuwa zimepita wiki tatu.

Baba mdogo alilipeleka jambo lile kwa mwenyekiti, na likatangazwa kikaoni kama Mama Kikao alivyoelekeza. Shangazi yangu wa Mwanjelwa ndiye msemaji wangu sasa. Nimetoka katika makundi yote mawili. Wifi yangu mkubwa alinuna, akaniuliza kama nimeanza kuwaona wao si watu, na mchumba wangu akaenda mwenyewe kuzungumza naye. Sijui alimwambia nini, ila Jumapili iliyofuata wifi alinitumia salamu. Mambo mawili ya Jumatatu tumeyaanza. Wiki ya kwanza yalikuwa matano, nikarudisha matatu.

Msimamizi nilimwandikia. Alijibu kwa mstari mmoja: "Hongera, nasubiri rasimu mwisho wa Novemba." Nilikaa na simu mkononi kwa muda, maana nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali.

Barua ya mkoa imetoka, ya halmashauri bado. Nimeambiwa nirudi Alhamisi. Chumba nimekipata Kiwira, nyuma ya soko, elfu thelathini kwa mwezi, na mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu asiyependa kelele. Kesho napanda basi la asubuhi hadi Uyole, nishukie hapo nichukue gari ya Tukuyu, nikakilipie.

Jana shangazi alinipigia kunijulisha kwamba sare imekwisha kuamuliwa na kitambaa kimenunuliwa. Ni zambarau. Mimi nilitaka ile ya kijani. Nikamwambia ni nzuri, nikarudi kwenye madodoso.