Mlio fildi kaskazini mwa Kenya, hii tabianchi na watoto mnaionaje?

KijanaWaMiradi: Wadau salama? Nimepata kontrakti ya miezi sita, naenda Marsabit mwezi ujao. Makaratasi yote niliyopewa ni "mabadiliko ya tabianchi na mtoto" mpaka kichwa kinauma. Nyie mlioko huko mnaiona kwa macho ama ni lugha ya wafadhili tu?

TepuNyekundu: Karibu. Nilikuwa huko ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikapita hivi hivi. Hakuna aliyekuwa anasema tabianchi, sisi ni tepu tu, unamzungushia mtoto mkononi, ikisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, huyo utapiamlo umemshika vibaya. Mama mmoja aliniambia mwanangu si mgonjwa, ni mbuzi wamekufa. Nikacheka, halafu nikanyamaza, sababu ndio hivyo, mtoto wa mfugaji chakula chake ni maziwa, ngamia wakihama na baba yeye anabaki na strungi, chai bila maziwa. Na zile pakiti za njugu za kutibu utapiamlo tunazotoa, za mtoto mmoja wanakula wanne, sasa utamgombeza mama?

MzeeWaKisima: Napinga kidogo. Wanasayansi walisema 2023 ukame ule usingekuwa hivyo bila hili joto tunalosababisha binadamu, sawa, siwabishii. Lakini kwetu pampu ilikufa miaka miwili, wasichana wanafuata maji kilomita kibao na shule wameacha, mkubwa fulani anakuja kutuambia ni tabianchi. Tabianchi ndio ilikula pesa ya spea?

TepuNyekundu: 😂😂 hapo mzee umenimaliza

DadaWaTana: Mnasahau mvua. Novemba 2023 El Niño ilitukuta Tana River watoto bado wamedhoofika na njaa, vyoo vikafurika, watu wanachota maji hayo hayo. Mtoto aliyekonda hivyo akiharisha siku mbili tu unampoteza. Mimi ukame unanichosha, lakini mafuriko ndio yananinyima usingizi. Na kijana, ukifika usianze na ripoti, omba mwalimu rejista, linganisha mahudhurio ya siku shule imepika githeri na siku sufuria imelala.

KijanaWaMiradi: Asanteni sana. Nibebe nini?

TepuNyekundu: Gambuti. Na tepu za ziada, watoto wanazitafuna.