Waliopelekwa kwa masista "kutubu": tupeane uzoefu

Wanajamvi, salaam. Niko Dublin, nahudumia wazee. Kuna bibi mmoja, kila nikitandika alikuwa ananipokonya shuka, analikunja pembe kwa pembe mpaka linakaa kama karatasi. Siku moja nikamsifia. Akasema, "Nilifundishwa kwa masista." Alipata mimba akiwa na miaka 17, padri akamshauri baba yake ampeleke. Mtoto walimchukua. Yeye akafulishwa nguo miaka minne bila ujira, kwa jina jipya walilompa. La kwake alikatazwa kulitaja.

Nikaanza kusoma. Ripoti ya serikali ya Ayalandi ya 2013 inasema wanawake kama 10,000 walipitia nyumba hizo za kufulia, za Magdalene, tangu 1922. Ya mwisho ilifungwa 1996, juzi tu! Walifua mashuka ya hoteli na hospitali, na waliotoroka kuna waliorudishwa na polisi. Mwaka 1993 masista wa High Park, moja ya nyumba hizo hapa Dublin, waliuza kiwanja, ikabidi makaburi ya wanawake hao yafukuliwe: maiti 155, wengine hata cheti cha kifo hawana. Mtu anafua mpaka anakufa, halafu hata kifo chake hakiandikwi!

Aliyempa bibi yule mimba hakuna aliyemuuliza kitu. Hilo linaniuma mno. Mwenye la kwake, hata la makanisani kwetu, aseme.

*Mama Neema:* Dada yangu hakufungiwa, ila alitengwa. Alikuwa kwaya ya vijana. Mimba ilipoonekana wakamtangaza ibadani, akawa anakaa benchi la nyuma, mlangoni. Baada ya kujifungua akarudishwa kundini, amepiga magoti mbele ya usharika mzima, maziwa yamelowesha blauzi. Na mwenye mimba ndiye alikuwa anapiga kinanda, siku hiyo hiyo. Sijasahau.

*Mkwe wa Galway:* Mama mkwe wangu alizaliwa kwenye nyumba kama hizo, akatolewa akalelewe na watu wengine. Sheria ya 2022 ndiyo iliyomwezesha kupata cheti chake cha kuzaliwa. Kakishika jioni nzima. Tumeambiwa mama yake aliishia kufua huko Dublin, kaburi hatulijui.

*Mleta mada:* Pole sana, na mpe pole mama. Wale wa High Park majivu yao yalizikwa makaburi ya Glasnevin, hapa Dublin, majina yapo kwenye jiwe. Nitumie jina inboksi, Alhamisi siendi kazini, nitaenda kuangalia.