Mjadala: Muuaji akionyesha alipofukia mtu, asibanwe kwa ushahidi huo?

Wakuu tujadili hili bila matusi. Tamthilia za mapenzi za vijijini Ireland mara nyingi zinakwamia palepale, mume katoweka miaka nenda rudi, mke si mjane si mke wa mtu, shemeji anampenda na kila mtu anaona ila nani ataanza kusema? Watu wanadhani waandishi wanaongeza chumvi, wapi. Kwenye vita vya Ireland Kaskazini watu walitekwa, hasa na IRA (kundi la wapiganaji waliotaka Ireland Kaskazini iachane na Uingereza iungane na Ireland), wengine kwa tuhuma za kuwapa Waingereza siri, wakapigwa risasi wakafukiwa kimyakimya, kadhaa upande wa pili wa mpaka, ndani ya Jamhuri ya Ireland, kwenye lile tope jeusi ambalo wenyeji wanalichimba na kulikausha wawashie moto. Na kule kijijini maiti inalala nyumbani, majirani wanakesha nayo, chai haikatiki, kesho yake misa na makaburini. Sasa bila maiti unakesha na nini?

Mwaka 1999 Uingereza na Ireland wakaunda tume: anayejua kaburi aseme, na kitakachopatikana kwa njia hiyo hakiwi ushahidi mahakamani. Kwenye orodha ya watu 17 waliotoweka hivyo wamepatikana 13. Mimi nasema dili hilo lilikuwa sahihi na nitalitetea.

Najua mtanitajia Jean McConville, mjane wa Belfast mwenye watoto 10, alichukuliwa Desemba 1972 wanawe wakiona. Haya, tumwangalie huyohuyo. Mwili wake ulionekana 2003 na wapita njia tu, ufukweni Louth, Jamhuri ya Ireland, sio kupitia tume, kwa hiyo ile kinga ya ushahidi haikuhusu na polisi walikuwa huru kabisa kufuatilia. Matokeo? Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa kumuua. Mwanawe mmoja kasema hadharani anawajua waliomteka mama yake ila hawataji, anaogopa kuuawa. Kesi mnayoililia ndiyo hiyo. Na hata ungemfunga mtu, kwa mkataba wa amani wa 1998 uliomaliza vita hivyo anakaa ndani miaka 2 tu basi.

Ila msinichanganye na ile sheria ya Uingereza ya 2023, ile siiungi mkono hata kidogo. Ilitaka kuwapa kinga ya kutoshtakiwa kwa mauaji ya vita hivyo mpaka wanajeshi wa Uingereza, ikafunga uchunguzi wa vifo na kesi mpya za madai, yaani familia inanyang'anywa mlango na haipewi hata mfupa. Mahakama Kuu ya Belfast 2024 ikasema kinga hiyo inakiuka haki za binadamu, na serikali ya Ireland ikaipeleka Uingereza Strasbourg, kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Safi sana.

Turudi kwenye makaburi. Columba McVeigh wa Tyrone aliuawa 1975 akiwa kijana, wamechimba kwenye tope la Bragan kule Monaghan, Jamhuri ya Ireland, mara kadhaa hawajamwona, mama yake Vera akafariki 2007 bila kumzika. Wanaosema sheria ifuate mkondo wake mniambie, huyo mpiganaji wa zamani, sasa mzee, anayejua shimo liko wapi mtamfunguaje mdomo bila kumhakikishia kitu? Karibuni, ila jibuni swali.