Kichujio cha hewa cha injini: cha karatasi au cha kuoshwa?

Mwanzisha mada: Ndugu wanachama, kichujio cha gari langu la petroli kimefikia muda wa kubadilishwa, nami ninasita kati ya kile cha karatasi, kinachotupwa kikichakaa, na kile cha pamba, kinachooshwa na kupakwa mafuta ili kitumike tena. Barabara ninazopita nyingi ni za vumbi.

Fundi Mkongwe: Kwa vumbi, chukua karatasi. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huvuta karibu lita 3,000 za hewa katika dakika hiyo, hivyo mchanga mwembamba unaopenya, hata ukiwa haba, hufika kwenye ringi za pistoni na kuta za silinda, ukazisaga polepole. Karatasi huzuia chembe ndogo vizuri zaidi na, ajabu yake, huchuja vizuri zaidi inapoanza kushika vumbi, kabla ya kuziba.

Dereva wa Masafa: Wauzaji wa pamba husifu wepesi wake wa kupitisha hewa, na ni kweli, ila kwa gari la kawaida tofauti hiyo ni ndogo mno. Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilipima mwaka 2009 magari yenye mfumo wa kielektroniki wa kunyunyizia mafuta, ikakuta kwamba hata kichujio kilichoziba hakikuongeza ulaji wa mafuta, bali kilipunguza uwezo wa gari kuongeza kasi.

Mtumiaji wa Pamba: Mimi nimeridhika na pamba, lakini haimfai mtu mwenye haraka. Husuuzwa kwa maji yasiyo na kasi kutoka upande safi kwenda upande mchafu, kisha huachwa ikauke yenyewe, kwa maana upepo wa kompresa huharibu nyuzi. Mafuta yakizidi hurushwa hadi kwenye waya mwembamba wa sensa ya kupimia hewa, na hapo injini huanza kutetemeka ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila gari kwenda.

Mwanzisha mada: Basi nitachukua karatasi. Je, naweza kuipuliza kwa kompresa ili idumu?

Fundi Mkongwe: Usiipulize, hupasuka vitundu usivyoviona. Ikague mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema, na upitishe kitambaa cheupe ndani ya bomba lililo baada ya kichujio. Kikitoka na vumbi, tazama kwanza kama mpira wa pembeni umekaa sawasawa na kama vibanio vya boksi vimefungwa vyote.