Tupeane uzoefu: safari za nyumbani na sikukuu ukiwa ughaibuni na watoto wadogo

MamaWawili
Habari zenu wadau. Nipo Uingereza mwaka wa saba sasa. Nina wawili, wa kwanza miaka minne, wa pili miezi kumi na moja. Desemba tunakwenda Tanga, na baba yao hapati likizo, kwa hiyo nabeba mimi. Mara ya mwisho nilikwenda na mmoja tu, nikafika nimechoka kama mtu aliyetoka kuchimba kisima.

Naanza na yangu. Yule wa kwanza alikuwa na miezi tisa, nikamkatia tiketi ya mapajani, maana chini ya miaka miwili unalipa kidogo sana. Niliomba kile kitanda kinachofungwa kwenye ukuta mbele ya siti, nikapewa, nikajiona mjanja. Kumbe kila ndege ikiyumba taa ya mikanda inawaka, na mhudumu anakuja: mama, mtoe mtoto. Namtoa, anaamka, analia. Nambembeleza, namlaza, taa inawaka. Mara sita, nilihesabu. Kwenye kiwanja cha kubadilishia ndege tulikaa saa tisa. Nikatandika khanga chini nyuma ya viti, tukalala hapo mimi na mwanangu. Khanga yenyewe imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Sasa kufika Dar. Ukoo ulikodi Noah kutoka Tanga, watu wamejaa mpaka kwenye buti, wote wamekuja kumpokea mtoto. Mama yangu akanyoosha mikono, mtoto akapiga ukelele hadi askari akageuka. Siku tatu hakumtaka bibi yake. Nilimwona mama anaumia ila hakusema neno. Alichofanya ni kukaa barazani kila asubuhi na kapu la machungwa ya Muheza, anamenya taratibu, ganda linashuka refu bila kukatika, wala hamtazami mtoto. Siku ya nne mtoto akatambaa mwenyewe, akashika ganda.

Haya, zamu yenu. Safari mnaziwezaje? Na sikukuu zikiwakuta hukohuko, mnafanyaje?

Baba wa Kassel
Pole na hongera dada. Mimi nipo Ujerumani, na sherehe iliyonitoa jasho huku si Krismasi wala Idi, ni siku ya mtoto kuanza darasa la kwanza. Sisi kwetu unamnyoa mtoto, unampigia pasi shati, unampeleka, imeisha. Basi tukaenda hivyohivyo, binti yetu kapendeza, begi jipya mgongoni.

Tunaingia uwanjani, kila mtoto amekumbatia koni ya karatasi kubwa karibu nusu ya urefu wake, ina maua, ina mapovu ya rangi, imejaa peremende na penseli. Inaitwa Schultüte. Bibi na babu wa kila mtoto wapo, wanapiga picha. Wangu akaangalia huku na huku, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, yangu iko kwenye gari?"

Nikamwambia ndiyo. Nilifanyaje tena? Nikatoka mbio, mke nyuma yangu. Duka la karibu lilikuwa na manila ya njano na pipi za kupima. Mke wangu amekulia Dodoma, mama yake alikuwa anauza karanga stendi. Akaikunja ile manila kwenye boneti ya gari, msokoto mmoja, ncha akaikunja kwa ndani, basi, ikawa koni ya karanga ila ya kumtosha jitu. Tukarudi ukumbini mwalimu mkuu bado anahutubia.

Mdogo wake alipoanza shule mwaka jana tulimnunulia ya dukani mapema, ya gharama. Akaikataa. Anataka ya karanga.

MamaWawili
😂 Baba wa Kassel umenifanya nicheke kwenye basi, watu wananiangalia.

Mrombo
Sisi Wachaga hatuna mjadala wa Desemba, unakwenda. Ushauri wa kwanza: kama unakwenda Kaskazini, tafuta ndege inayoteremka KIA, kiwanja cha Kilimanjaro, moja kwa moja. Kutoka Dar na watoto kwa basi wiki ya Krismasi, huku nusu ya Dar nayo inapanda Moshi, usijaribu.

Ushauri wa pili unahusu mbuzi. Babu wa watoto, kwa mapenzi yake, alinunua beberu siku nne kabla ya sikukuu akamfunga mgombani. Mwanangu wa miaka mitano, mtoto wa Göteborg, hajawahi kumshika mbuzi maishani. Siku nne hizo alikuwa anaamka saa kumi na mbili kumpelekea majani. Akampa jina. Akawa anamsimulia habari kwa Kiswidi, mbuzi anasikiliza.

Tarehe 24 asubuhi nilikuwa nimelala. Naamka, wazee wameshakaa na mbege, kisusio, ile supu yetu ya damu, kipo jikoni, mtoto anazunguka mgombani na majani yake mkononi. Akamuuliza shangazi mbuzi yuko wapi. Shangazi yetu hana konakona: "Yuko kwenye sufuria, baba."

Siku mbili alikula ndizi tu. Na machalari alikuwa anayachambua ndizi moja moja aone kama nyama imegusa.

Mpanda Treni
Mrombo, mtoto lazima ajue nyama inatoka wapi. Sisi tulikua hivyohivyo.

Mrombo
Ajue, sikatai. Ila sisi hatukuwa tunawapa majina. Mwambie mzee mbuzi afike asubuhi ya siku yenyewe, basi.

Bint Maskati
Salaam aleikum. Mie niko Maskati, ndege ya kwenda Unguja haina shida, watoto wanalala kidogo tu mmefika. Huku sikukuu ndiyo nchi yenyewe, hatuna la kulalamika. Nusu ya Ramadhani watoto wanavaa, wanatoka na vifuko vyao nyumba kwa nyumba wakiimba, wanapewa peremende na karanga, ndiyo Qaranqashoh. Idi wanaume wanaifukia nyama ya shuwa shimoni, inafukuliwa siku ya pili yake imelainika hata kisu hutaki.

Lakini wanangu wanataka skukuu ya Unguja. Mwaka juzi niliwapeleka, siku zote nne tukazimaliza. Jioni Mnazi Mmoja, kibandiko cha hina mkononi, urojo, bembea, mabaluni. Huku Maskati mjomba anakupa noti moja kubwa mama anaiweka. Kule kila mlango mtoto anapewa sarafu na vinoti vidogo, na anavitumia mwenyewe, hakuna wa kumuuliza. Mdogo alinunua miwani ya jua mitatu siku moja, yote kaivunja kabla ya isha. Anachokumbuka cha safari ile ni miwani.

Mpanda Treni
Mnaojua mwezi mna bahati. Niwape Idi yangu ya 2025. Niko hukohuko Uingereza kama MamaWawili. Jumamosi usiku tunasubiri, msikiti mmoja unasema Idi kesho Jumapili tarehe 30, wa pili unasema Jumatatu. Nyumbani Tanzania nao wakala Jumatatu. Tukafuata Jumapili. Sasa usiku huohuo saa za huku zinasogezwa mbele kwa ajili ya majira ya joto, na saa ya ukutani haijisogezi. Nimewavalisha watoto kanzu, mafuta, udi, tunafika msikitini watu wanatoka wanakumbatiana. Tukakumbatiana nao, tukapiga picha mlangoni. Mama mkwe hajui mpaka leo, msimwambie.

Halafu MamaWawili, la maana: wako ana miaka minne, hajafika umri wa lazima wa shule. Tumia nafasi hiyo, ondoka kabla shule hazijafungwa, tiketi bado ziko chini. Akishavuka mitano, ukimtoa katikati ya muhula bila ruhusa England wanaweza kukupiga paundi 80, kila mzazi kwa kila mtoto, na usipolipa ndani ya siku 21 inakuwa 160. Kuna wanaopiga hesabu wakaona bora faini kuliko bei ya tiketi ya Desemba 20. Sisemi mimi ni mmoja wao.

Mama Bahati
Jambo wote. Miye ni mama ya batoto bane, tuko Iowa, Amerika, Swahili yangu ni ya Bukavu, Congo, mutanivumilia. Sisi hatuendi. Karatasi zetu hazijakamilika, na kule nyumbani munajua hali yake. Kwa hiyo sikukuu yetu inapita kwenye simu.

Kwetu kubwa ni Bonane, ndiyo Mwaka Mpya. Mtoto bila nguo mpya ya Bonane huyo amesahaulika. Nasi tunanunua kuanzia kiatu mpaka kitambaa cha kichwa. Bukavu ikifika usiku wa manane, huku bado ni saa kumi ya mchana, theluji nje. Basi saa tisa na nusu nawavalisha wote, wanakaa kwenye kochi kwa mstari, tunapiga. Mama yangu hasemi heri ya mwaka kwanza. Anasema mumoja mumoja asimame. "Geuka nione mugongo." Anaangalia mshono. Mwaka jana alimwambia huyu wa tatu gauni ni fupi, na reseo, mtandao wa simu, ikakatika hapohapo. Mtoto alilia, akakataa kulivua mpaka bibi arudi kwenye simu aone kwamba amelivuta chini.

MamaWawili
Mama Bahati, hiyo ya mshono imenigusa.

Nesi wa Zamu
Napita haraka, niko kazini. Watoto waliozaliwa huku hawana kinga ya malaria kabisa, na yako wewe nayo imeshapungua. Dawa za kukinga na chandarua, usione aibu mbele ya ndugu wanaosema "mtoto wa kizungu". Mkirudi akapata homa, hata miezi kadhaa baadaye, sema mlikuwa wapi, hawatauliza. Unasafiri bila baba, beba barua yake ya ridhaa na cheti cha kuzaliwa. Pasipoti za watoto kama si za Tanzania, viza mapema. Pampasi usizipakie kwenye mifuko ya plastiki ya dukani, nyumbani imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Shona kifuko cha kitambaa. Na yale machungwa, bibi aendelee.

MamaWawili
Asanteni jamani. Tiketi nimeisogeza, tunaondoka tarehe 5. Jana nimempigia mama nikamwomba safari hii aje Dar yeye na kaka tu, watoto wasishtuke. Ameniambia Noah imeshalipiwa.