Demo za michezo zenye bado kutoka: munachagula namna gani kama mega ni kidogo?

mwana_kadutu (Bukavu)

Jambo bote. Niko na swali kwa benye banapenda michezo za indi, zile zenye mutu moya ao timu ya batu batatu bane banatengeneza bo wenyewe, haziko za makampuni kubwa. Munajua kama kila mwaka mu Februari, mu Juni na mu Oktoba Steam, ile duka ya michezo za ordinatere ku intaneti, inafanyaka ile juma ya Next Fest, michezo zenye bado kutoka banaziwekea demo ya bure, unateleshaje (unaivuta toka intaneti), unacheza kipande, kama imekupendeza unaiweka ku wishlist, ile liste ya zenye unataka, unangojea. Kwa mutu mwenye hana karti ya banki ile njo mulango yenye iko wazi kabisa, ju hakuna mwenye atakuomba dola ata moya mbele ya kucheza.

Sasa shida ni mega, ile intaneti ya kulipia. Demo zinapita elfu kila mara, na mimi natumika na forfe ya telefone nikifanya partage kwa mashini (ordinatere). Mashini yenyewe ni Core i3, RAM 4 giga, karti grafike ni ile Intel HD ya ndani, Windows 10. Kuran mu kartye inakuja inaenda, batri haishike murefu. Ukishateleshaje demo ya giga tano usiku kucha, asubui unafungua unakuta picha zinatembea moya moya kama foto, ile inauma sana ju mega zishaenda na hakuna kitu umeona.

Njo nauliza, muko munafanya namna gani mbele ya kubonyeza, munaangalia nini ku ile paje, na kama juma ikishapita demo zinatolewa yote ao zingine zinabakiaka? Tena dada yangu mudogo anapenda tucheze babili ku mashini moya, kama kuko mwenye anajua njia ya kupata zile. Yaya yangu eye anasema niache, niende mu sale ya michezo nilipe muchezo ya mupira niishe, lakini mimi napenda hizi ju kila moya iko na wazo yake, unafungua haujue utakuta nini.

himbi_pixel (Goma)

Ndugu wa Bukavu karibu, swali yako iko ya maana na nitakujibia murefu kidogo ju mimi niko mu hali sawa na yako.

Ya kwanza, usikimbilie siku ya kwanza. Next Fest inaanzaka saa ine asubui ya kule Marekani upande wa California, kwetu huku ni saa moja ya mangaribi mu Juni na mu Oktoba, saa mbili mu Februari. Ile saa bote banateleshaje. Mimi nangojaka siku mbili tatu, batu bakishaanza kuandika mawazo yabo, ju tangu 2024 Steam iliruusu demo ikuwe na paje yake yenyewe na batu banaandika kama ni nzuri ao ni mbaya. Unasoma mule, unatafuta mutu mwenye mashini yake ni zaifu kama yako, unaona anasema nini. Mutu moya mwenye ako na Intel HD akisema inatembea, ile inapita mbali kile mwenye muchezo aliandika ku konfigirasyo (mashini yenye muchezo inaomba), ju mara mingi anaandika tu mashini yenye ako nayo ku meza.

Ya juma kupita, usiogope. Muchezo inaingia mu Next Fest mara moya tu mu maisha yake, njo maana bengi banangojea mupaka kazi iko karibu kwisha. Lakini juma ikishapita mingi zinaacha demo pale pale, hakuna mwenye anabalazimisha kuitoa. Kwa hiyo unaweza kuandika majina mu karatasi ile juma, kisha unateleshaje pole pole mwezi wenye unafuata, forfe ya usiku ikipatikana kwa bei ya chini. Zile zenye zinasema zitatolewa mwisho ya juma njo unaanza nazo.

Sasa kuchagula. Angalia engine (programu yenye balitengenezea muchezo) na namna ya picha. Zile za karata, za pikseli, za kujenga kamuji kadogo ukiona toka juu, zinatembea. Zile zenye mwanga inapiga ku maji na majani inatikisika moya moya, pita, utaziona siku ukipata mashini ingine. Balatro mbele itoke tarehe 20 Februari 2024 ilikuwa na demo, ni muchezo ya mutu moya wa Canada mwenye anajiita LocalThunk, aliiandika na engine LÖVE mu lugha ya Lua, na paje yake inaomba fasi ya mega 150 tu. Mega 150! Na ndani ya mwezi wa kwanza iliuzishwa zaidi ya kopi milioni moya. Kwa hiyo udogo haimaanishe uzaifu.

Tena kuko itch.io, fasi ingine ya michezo ku intaneti yenye bengi banasahau. Pale michezo mingi inachezewa ndani ya navigateri, hauteleshaje kitu, na bengi banaweka kazi yabo pale mbele ata ya kufikiria Steam. Celeste ya 2018 yenye bote banaongelea, ilianza kama kamuchezo ka PICO-8 (ka programu ka kutengeneza michezo midogo sana) kenye Maddy Thorson na Noel Berry balitengeneza mu siku ine, na kako pale ku itch.io mupaka leo bure. Katriji ya PICO-8 haiwezi kupita kilobaiti 32, foto moya ya telefone inaipita mbali. Vampire Survivors pia ilianzia pale 2021, mu navigateri, mwisho ya mwaka njo ikaingia Steam. Mutu mwenye anataka kuona michezo zingali mbegu aanzie itch.io, mimi naamini ile kabisa.

Ya dada yako, mu Steam kuko alama ya koop (kucheza pamoja) ya ku ekran moya, tafuta ile utachuja zote zenye munaweza kucheza babili. Lakini uliza mbele kama inakubali klavye moya kwa batu babili, mingi inaomba maneti, zile za kushika mu mikono.

fille_ya_kasapa (Lubumbashi)

Mwee banabukavu mulivyo na roho ya kungojea! Mi minaongeza kitu moya yenye itakuokolea mega zaidi ya byote bile.

Kama uko na bandugu benye kucheza, musiteleshaje kila mutu yake. Tangu 2023 Steam iko na njia ya kupitisha muchezo toka mashini moya kuenda ingine ku rezo ya nyumba, bila kurudilia kuvuta toka intaneti. Munaweka mashini zote mbili ku wifi moya, ata ile ya telefone, ao munaunga kable ya rezo katikati yabo njo muzuri zaidi ju inaenda mbio sana. Mu parametre za Steam, kwenye kuteleshaje, unaruusu barafiki bakuvute. Mwenye anataka anabonyeza kuinstale, Steam inaona yenyewe kama mashini ingine pale iko nayo, inavutia pale. Inaomba koneksyo kidogo tu ju ya kuhakikisha, lakini mugogo ya mafayili inapita kati yenu.

Na kama hakuna koneksyo yoyote ile siku, kuko njia ya zamani. Unaingia mu dosie steamapps, ndani yake common, unakopia dosie ya muchezo ku disiki ya inje, unaiweka fasi sawa sawa ku mashini ya mwenzako, kisha siku koneksyo inarudi anabonyeza kuinstale na Steam inakuta mafayili iko tayari, inaangalia tu kama iko kamili. Sisi huku ku kampisi njo vile tunafanya, moya mwenye ako na koneksyo ya muzuri ku kazi ao ku nyumba anavuta, wiki yenye kufuata demo iko kwa mashini ya kila mutu, kisha tunakutana tunabishana. Ile kubishana njo raa yenyewe. Mutu anasema hii itakuwa kubwa, mwingine anasema hapana ni picha tu hakuna muchezo ndani, mwaka ukipita munaona nani alikuwa na macho.

Kitu moya tena: zima mise-a-jour ya yenyewe, ile kuvuta mabadiliko ya mupya ya muchezo bila kukuuliza. Steam inaweza kula mega zako usiku ju ya muchezo yenye hautacheza tena. Kuko fasi ya kuiambia ifanye mise-a-jour tu ukifungua muchezo, na ingine ya kuipatia masaa. Na mwenye angali na Windows 7 ajue Steam iliacha kuisapoti tangu tarehe 1 Januari 2024, asipoteze nguvu pale, aende itch.io moja kwa moja.

mzee_birere (Goma)

Batoto, minasoma byote mbili tatu hapa lakini kwangu demo haiseme ukweli yote. Mwenye muchezo anajua kama ile nusu saa ya kwanza njo itamuuzishia, anaipakaa mafuta, anaisafisha, kisha muchezo ikitoka saa ya tatu yote inarudilia kitu moya. Bora kungojea itoke, iteremuke bei, uinunue, na ukiona haikupendezi unarudisha: Steam inakubali kurudisha feza kama haiyapita siku 14 tangu ununue na haujacheza kupita saa mbili. Saa mbili ya muchezo wenyewe inapita demo yoyote.

himbi_pixel (Goma)

Mzee nakuheshimu, na ya kupakaa mafuta ni kweli kabisa, ziko demo zenye ni nzuri kuliko muchezo wenyewe. Lakini angalia ndugu wetu wa Bukavu. Kurudisha feza inaomba kwanza ukuwe na njia ya kulipa, karti ao mutu wa kukununulia. Kisha muchezo muzima ni giga ngapi? Ukiuteleshaje ukiukataa feza itarudi, mega hairudi. Kwa mutu wa huku mega njo bei ya kweli. Demo ya mega 300 yenye inakuonyesha mashini yako inabeba ao haibebi, ile jibu pekee inatosha, ata kama nusu saa imepakaliwa mafuta.

kampemba_dev (Lubumbashi)

Niruusu niingie, ju mi niko natengeneza muchezo na engine Godot, bado iko mbali kutoka, na minacheza demo za bengine kila mara Next Fest inafika. Bote munaongea namna ya kupata demo. Hakuna mwenye aliongea kitu yenye inafuata, na kwangu njo kubwa kuliko: ukishacheza, andikia mwenye alitengeneza.

Nitabapa mufano moya. Klavye zetu huku mingi ni AZERTY, tulirisi toka Kifaransa. Mwenye kutengeneza ako Canada ao Uingereza, klavye yake ni QWERTY, anasema kutembea ni W A S D, kwake zile leta ziko pamoja chini ya vidole bitatu. Ku AZERTY W iko chini kabisa, A iko juu kabisa, S na D ziko katikati. Vidole binajikunja, mutu wako wa mu muchezo anaanguka mu shimo mara ya kwanza, mara ya pili, mwenye kucheza anafunga anasema muchezo ni mbaya. Muchezo haiko mbaya! Na mwenye aliitengeneza hatajua, ju mutu akifunga bila kuandika kule kwake anaona tu hesabu ya batu balifunga ku dakika ya tatu. Wakati kumaliza ile shida mu Godot ni kubadilisha chaguo moya, unaiambia ifuate fasi ya touche ku klavye, isifuate leta yenye imeandikwa juu. Engine zingine kubwa ziko nayo pia. Kazi ya asubui moya, lakini lazima mutu amuambie.

Mi niliandikia moya, muchezo ya kuvua samaki usiku, nikamuambia byote bibili: klavye, na maandishi ilikuwa kadogo sana ku ekran ya 1366 kwa 768, bei za samaki hazisomeke. Alijibu, akauliza foto ya ekran, nikatuma. Demo ilipobadilishwa maandishi ilikuwa na saizi tatu za kuchagula. Sasa kila mutu mwenye mashini ya zamani, ako Lubumbashi ao ako Brazil, anasoma bei. Ile inakuwa nguvu zaidi muchezo ikishatoka, ju pale mwenyewe ako anazima moto ya mambo ingine mia.

Ju ya klavye wakati ungali unangojea babadilishe: ongeza klavye ya Kiingereza cha Marekani mu Windows, kisha unabonyeza touche ya Windows pamoja na espasi, inageuka. Ukimaliza kucheza unarudisha vile vile.

mwana_kadutu (Bukavu)

Aksanti sana bandugu na bayaya. Ile ya klavye nilikuwa nafikiria ni mimi vidole bizito! Nimeshaongeza ile ya Marekani sasa hivi na inageuka. Mukubwa wa Kampemba, Kiingereza yangu ni kidogo, naweza kubaandikia mu Kifaransa? Na naandika fasi gani, ku ile fasi ya mawazo ya demo ao kwingine?

kampemba_dev (Lubumbashi)

Andika Kifaransa bila haya, batafanya tradiksyo bo wenyewe, bengi banafuraia kuona mutu toka fasi mupya. Usiweke ku mawazo ya demo kwanza, pale ni ya kuambia bachezaji bengine. Kila paje iko na fasi ya diskisyo, ingia mule, mara mingi utakuta bamefungua kisehemu cha makosa. Weka mashini yako (i3, 4 giga, Intel HD), weka saizi ya ekran, sema klavye ni AZERTY, sema ulifika wapi ukaacha na ulikuwa unataka kufanya nini pale. Kama ilikupendeza sema pia ni nini ilikupendeza, ju akibadilisha asije akatoa kile.

fille_ya_kasapa (Lubumbashi)

Na dada yako mudogo umupe klavye mbele yako ile siku ya kwanza, usimufundishe. Batoto banaonyesha fasi muchezo haieleweke kuliko sisi. Ukiona amesimama anakuangalia, andika ile fasi.

himbi_pixel (Goma)

Na kama roho inapenda kitu ya kwetu kidogo, wakati munangojea demo: Tales of Kenzera: ZAU ya 2024, ya Abubakar Salim, iko na sauti ya Kiswahili, unaichagula mu parametre. Kwa i3 itakuwa nzito, itafute kwa mutu mwenye mashini ya nguvu ao konsole. Ingine ni Aurion ya Kiro'o Games ya Yaoundé, ilitoka 2016, Kifaransa iko ndani, ile ni ya picha za kuchora, angalia konfigirasyo yake ku paje uone. Bale bijana ba Kameruni baliianza wakati hakuna mwenye alikuwa anaamini studio ya hivi inaweza kusimama Afrika ya kati.

mwana_kadutu (Bukavu)

Sawa sawa. Juma yenye inakuja nateremuka Goma na mashua ya saa tatu, nabeba disiki ya inje. Himbi, kama uko na zile za ku ekran moya niachie nafasi ya kukopia, mimi nabeba tano zenye nilishajaribu, zote chini ya mega 400, na karatasi ya vile zinatembea ku mashini yangu.