Naomba ushauri: sari ya bibi, nikate au nisikate?

Habari zenu wapendwa. Bibi ameniachia sari ya hariri iliyofumwa Varanasi, India, nyekundu, pindo lake la zari (nyuzi za kung'aa za rangi ya dhahabu au fedha) ni pana kama kiganja. Kwenye mikunjo imeanza kuchanika. Natamani niivae harusi ya mdogo wangu, ila kwa mtindo wa sasa. Nimetazama sana kazi za Sanjay Garg, mbunifu wa mavazi wa India mwenye chapa ya Raw Mango, anayeshirikiana na wafumaji wa huko huko Varanasi na wa mji wa Chanderi: ufumaji wa kale, mshono mwepesi, nakshi chache. Nazipenda mno! Fundi anataka tukate gauni moja kwa moja. Mama hataki hata kuona mkasi. Aliyewahi kushonesha sari kuukuu anisaidie: nitangulize bitana ya pamba? Au nitoe pindo zima nilihamishie kwenye koti refu?